Jina Hubaki, Sauti Huondoka: Hadhira na Mabadiliko ya Waimbaji katika Muziki wa Kongo na Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi wapenzi wa muziki wanavyopokea kuondoka kwa mwimbaji mkuu wa orkestra na kuingia kwa mwingine mahali pake. Kwa mtazamo wa haraka, jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la magazeti ya burudani na soga za barazani, wala si la idara ya lugha na fasihi. Sisi tunaona kinyume. Hadhira inapomkataa mwimbaji mpya, au inapomkubali baada ya muda, huwa inatoa hukumu ya kihakiki. Inatuambia ni kipi katika wimbo kinachoweza kubadilishwa na wimbo ukabaki ule ule, na ni kipi ambacho kikiondolewa wimbo huwa mwingine.

Hoja yetu ni kwamba wimbo wa dansi husimama juu ya nguzo tatu: jina la orkestra, sauti ya mwimbaji, na maneno. Uhakiki wetu umezoea kuishika nguzo ya tatu peke yake. Tunaunukuu wimbo, tunaupanga katika beti, kisha tunaujadili kama shairi lililoandikwa. Hadhira hufanya kazi pana zaidi, na wakati wa kubadilishwa mwimbaji ndipo nguzo hizo tatu huonekana zikitengana.

Msingi wa kinadharia tunao tayari. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Nadharia hiyo imefundishwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, swali moja linalotokana nayo halijaulizwa vya kutosha: akibadilika fanani, na hadhira ikabaki, tukio lile linakuwa nini?

2.0 Bunia kama mahali pa kusikilizia

Tunaliuliza swali hili kutoka Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri. Mji huu uko takriban kilomita 1,800 kutoka Kinshasa kwa njia ya anga, na takriban kilomita 300 tu kutoka Kampala. Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mitaa, pamoja na Kihema, Kilendu, Kialur, Kibira na lugha nyingine za majumbani. Kifaransa ni lugha ya darasa na ya ofisi. Kilingala nacho kipo, kwa kuwa ni lugha ya jeshi na hasa lugha ya nyimbo. Wengi hapa wanakifahamu, lakini si wote waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Hali hii ina matokeo mawili. Kwanza, kwa muda mrefu msikilizaji wa Bunia aliifahamu orkestra kubwa ya Kinshasa kwa santuri, kwa kaseti na kwa redio, zikiwamo idhaa za hapa kama Radio Candip, kabla ya kuiona jukwaani, kama aliwahi kuiona. Kwake yeye orkestra haikuwa kundi la watu waliovaa mavazi fulani na kusimama mahali fulani. Ilikuwa ni sauti. Pili, katika nyimbo za Kilingala maneno mara nyingi humfikia baada ya sauti, naye hujifunza maana kidogokidogo, kwa kuuliza. Pia humfikia nyimbo za upande wa mashariki, zilizoimbwa kwa Kiswahili Nairobi na Dar es Salaam, nyingine zikiwa zimeimbwa na Wakongo wenzake waliohamia huko. Katika nyimbo hizo maneno humfikia papo hapo.

Kwa hiyo msikilizaji huyu anasimama mahali pazuri pa kupambanua sauti na maneno. Ana masikio mawili: moja lililozoea kutangulia kusikia sauti, na jingine lililozoea kutangulia kusikia neno.

3.0 Jina: nani mwenye mji?

Tuanze na nguzo ya jina. Orkestra Zaiko Langa Langa iliundwa Kinshasa mwezi Desemba 1969. Mwaka 1974 iliondokewa na waimbaji wake kadhaa wa mstari wa mbele, miongoni mwao Papa Wemba, Evoloko Jocker, Mavuela Somo na Bozi Boziana, ambao waliunda Isifi Lokole. Zaiko haikufa. Nyoka Longo alibaki, waimbaji wengine wakaingizwa, na kazi ikaendelea. Mwaka 1988 ulitokea mpasuko mkubwa zaidi. Waliojitenga, akiwamo mwimbaji Bimi Ombale, walijiita Zaiko Langa Langa Familia Dei, na upande wa Nyoka Longo ukajiongezea maneno Nkolo Mboka. Kwa Kilingala maneno hayo yana maana ya mwenye mji.

Msomaji ayatafakari majina hayo mawili. Upande mmoja unadai undugu, na tena undugu uliobarikiwa na Mungu. Upande wa pili unadai umiliki wa ardhi. Hakuna upande unaosema kwamba una sauti nzuri zaidi. Lugha yao ni lugha ya mirathi: mzee ameacha boma, na watoto wanabishana ni nani atakayelala katika nyumba kubwa.

Wenge Musica inathibitisha jambo hilo hilo. Orkestra hiyo, iliyoanzishwa na vijana wa Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipasuka mwishoni mwa mwaka 1997. JB Mpiana alibaki na Wenge Musica BCBG. Werrason, pamoja na Didier Masela na Adolphe Dominguez, alianzisha Wenge Musica Maison Mère, yaani nyumba mama. Mwaka 2004 baadhi ya waimbaji vijana wa Werrason, akiwamo Ferre Gola, waliondoka nao, na kundi lao likaitwa Les Marquis de Maison Mère. Hata aliyeihama nyumba mama alitoka na jina lake begani, kama mtu anayehama akibeba kizingiti cha mlango.

Kwa nini jina liwe na uzito huu? Jibu linapatikana katika muundo wa orkestra yenyewe. Orkestra ya Kongo haina mwimbaji mmoja. Ina safu ya waimbaji watatu, wanne au zaidi wanaopishana na kuitikiana. Wimbo nao una sehemu mbili: sehemu ya kwanza ya taratibu, inayotawaliwa na sauti, na sehemu ya pili, sebene, inayotawaliwa na magitaa na, tangu miaka ya 1980, na kelele za atalaku. Katika muundo kama huu badiliko la mwimbaji limeandaliwa tangu mwanzo. Orkestra ni shule. Wanafunzi huingia na kutoka, na wanaofuzu hufungua shule zao. Jina ndilo linaloshikilia mfululizo huo.

Kutokana na muundo huo tunaweza pia kueleza kwa nini hadhira haikasiriki kwa kiwango kimoja. Mchezaji, ambaye hungojea sebene, hapungukiwi sana mwimbaji akiondoka, ilimradi mpiga gitaa la solo yupo. Msikilizaji, ambaye hukaa na sehemu ya kwanza, ndiye hupoteza kitu. Tukisema kwamba wapenzi wameudhika, yafaa tuulize kwanza: wapenzi wa sehemu gani ya wimbo?

4.0 Kuhama: usaliti na mtindo

Kuondoka na kuanzisha kundi jipya ni jambo moja. Kuhamia kwa mpinzani ni jambo jingine, na hadhira hulipima kwa kipimo kikali zaidi. Mfano maarufu ni wa Sam Mangwana. Baada ya kupata jina katika kundi la Tabu Ley Rochereau na katika Festival des Maquisards, alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1972. Kwa kuwa wapenzi wa muziki wa Kongo walikuwa wamegawanyika kati ya mkondo wa Rochereau na mkondo wa Franco, hatua hiyo ilizua mjadala mkubwa. Sauti yake haikubadilika kwa kuvuka mtaa. Kilichobadilika ni mahali pake katika ramani ya wapenzi.

Neno linalotumika katika mijadala ya namna hii ni usaliti, na wanaolumbana husemekana kuwa na kambi. Katika Ituri maneno hayo hayatamkwi kwa wepesi. Wenge ilipasuka mwaka 1997, na mwaka 1999 jimbo hili likaingia katika vita vilivyowagawa watu kwa kabila na kuua maelfu. Hatudai kwamba muziki ungeweza kuzuia hayo, haukuyazuia. Lakini yafaa mhakiki atambue tofauti iliyopo. Kambi ya kabila mtu huzaliwa ndani yake, na adui humtambua kwa jina la baba yake. Kambi ya muziki mtu huichagua kwa sikio, anaweza kuihama, na ndani yake anaweza kumkuta jirani ambaye siasa ilikuwa imemwambia kwamba ni adui. Wale wanaoudharau ushabiki kuwa ni ugomvi wa kitoto hawajauona upande huu wake. Ni ugomvi ambao mtu huweza kuingia kwa hiari na kutoka akiwa hai.

Tukivuka kwenda Dar es Salaam tunakuta utaratibu tofauti, ambao unatusaidia kuuona wa Kinshasa vizuri zaidi. Huko bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya jumuiya ya wafanyakazi. Jumuiya ilipobadilika jina, bendi nayo ikaitwa Juwata, kisha OTTU. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mwaka 1985 Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walikuwa miongoni mwa wanamuziki waliovutwa kutoka Mlimani Park kwenda kuunda International Orchestra Safari Sound. Baadaye Bitchuka alirudi Mlimani Park, naye Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alimalizia kazi yake katika Msondo.

Katika mazingira hayo, ambapo waimbaji walihama na kurudi, na hata jina rasmi la bendi liliweza kubadilishwa na uamuzi wa ofisi, hadhira ilishika kitu gani? Ilishika mtindo. Mlimani Park ilikuwa Sikinde, Juwata ilikuwa Msondo, Safari Sound ilikuwa Ndekule. Mpenzi wa Sikinde aliweza kumkosa Bitchuka kwa miaka kadhaa na bado akabaki Sikinde, kwa kuwa mtindo ulikaa katika mipangilio ya magitaa, katika tarumbeta, na katika namna waimbaji wanavyoitikiana. Hapa tunaona kwamba jina ambalo hadhira hulilinda si lazima liwe lile lililoandikwa kwenye gamba la santuri. Hadhira huweza kujitungia jina lake, na likadumu kuliko la mwenye mali.

5.0 Sauti: kile ambacho jina haliwezi kurithi

Yaliyosemwa hadi sasa yangeweza kumfanya msomaji aamini kwamba mwimbaji ni mtu wa kupita tu, na kwamba palipo na jina au mtindo pengo huzibwa. Ushahidi wa upande wa pili ni mzito vilevile. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1979. Leo Morogoro Jazz inakumbukwa zaidi kwa nyimbo alizoziimba yeye. Jina lilibaki Morogoro, lakini sauti ilikwenda na mwenyewe.

Ni nini basi kilichomo katika sauti? Tusiridhike na kusema kwamba sauti ya fulani ni tamu. Kwa upande wa Kiswahili tunaweza kusema kwa uhakika zaidi. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mpigo wa muziki huwa na matakwa yake. Kila mwimbaji hulazimika kuamua mahali ambapo mkazo na mpigo vinagongana: ama arefushe irabu, ama achelewe nyuma ya mpigo, ama ameze silabi ya mwisho. Pia huamua mahali pa kuvuta pumzi, na pumzi ikivutwa katikati ya sentensi huweza kugeuza taarifa kuwa shaka, au lawama kuwa ombi. Maamuzi haya hayamo katika maneno yaliyoandikwa. Hayamo hata katika lahani inayoweza kuandikwa kwa alama za muziki. Yumo nayo mwimbaji mwenyewe.

Mwimbaji mpya anapopewa wimbo wa zamani huwa mbele ya njia mbili, na zote zina miiba. Akiyafuata maamuzi ya mtangulizi wake moja kwa moja, huambiwa anaiga. Akifanya ya kwake, huambiwa ameharibu. Hukumu hizi mbili zinapingana, na watu wenye dharau huzitumia kama ushahidi kwamba mashabiki hawajui wanachotaka. Sisi tunaona kwamba zinakubaliana katika jambo moja la msingi: zote mbili zinasema kwamba utendaji wa awali ni sehemu ya utunzi wenyewe. Wimbo haukutungwa kisha ukaimbwa. Ulitungwa kwa kuimbwa.

Kutokana na hayo twaweza kueleza jambo linalojirudia katika visa vingi. Hadhira humpima mwimbaji mpya kwa wimbo wa zamani, lakini humpokea kwa wimbo mpya. Madilu System alijiunga na OK Jazz mwaka 1980. Kundi hilo, lililoanzishwa mwaka 1956, lilikuwa tayari limepitiwa na waimbaji wengi wakubwa, tangu Vicky Longomba hadi Mangwana. Madilu hakujipatia nafasi kwa kuimba vizuri yale waliyoyaacha wao. Aliipata katikati ya miaka ya 1980, kwa nyimbo kama Mamou ya mwaka 1984 na Mario ya mwaka 1985, ambamo sauti yake nyororo inajibizana na sauti nzito ya Franco. Nyimbo hizo hazikuwa na kivuli cha mtu mwingine. Maamuzi yote ya pumzi na mkazo yalikuwa yake.

Kanuni hiyo haihusu Kongo peke yake. Bendi ya roki ya AC/DC ilimpoteza mwimbaji wake Bon Scott mwezi Februari 1980. Alichaguliwa Brian Johnson, na kabla ya mwaka kwisha ikatolewa albamu mpya, Back in Black, yenye jalada jeusi la maombolezo. Wapenzi walimpokea, tena kwa wingi. Genesis ilipoachwa na Peter Gabriel mwaka 1975, mpiga ngoma Phil Collins aliingia mahali pake, na akathibitika kwa albamu mpya ya mwaka 1976. Kwa upande mwingine, wanamuziki waliobaki wa Queen, baada ya kifo cha Freddie Mercury mwaka 1991, walipofanya maonyesho na Adam Lambert walijitangaza kwa jina la Queen pamoja na la Lambert, na alama ya kujumlisha katikati. Nyimbo zilizoimbwa zilikuwa zile za zamani, na alama ile ndogo ilikuwa ni namna ya kuiambia hadhira kwamba hakuna anayedai kuurithi mji.

OK Jazz yenyewe ilikutana na mtihani huu katika sura yake ngumu kuliko zote. Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Hakuwa mwimbaji tu. Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi na mwenye orkestra. Kundi liliendelea chini ya Lutumba Simaro hadi mwishoni mwa mwaka 1993, ambapo Simaro na wenzake walitengana na familia ya marehemu, wakaunda Bana OK, maana yake watoto wa OK. Jina hilo ni adilifu. Halisemi sisi ndio mji, wala sisi ndio nyumba mama. Linasema sisi ni watoto waliobaki. Ni nadra kuona kundi likikiri kwa jina lake lenyewe kile ambacho hadhira ilikuwa imekwisha kukijua.

6.0 Pingamizi moja

Yawezekana msomaji akapinga kwamba tunaipa hadhira busara isiyokuwa nayo, kwa kuwa wapenzi wengi hukataa sauti mpya kwa mazoea tu, au kwa kuomboleza ujana wao. Pingamizi hili lina ukweli. Kuna chuki ambayo humnyima mwimbaji kijana haki ya kusikilizwa, na kuna majina makubwa ambayo yamebaki makubwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyapima upya. Mhakiki hana wajibu wa kukubaliana na hadhira.

Lakini kukosea katika hukumu si sawa na kukosa kigezo. Shabiki anayesema kwamba huyu si yule huenda akawa amemdhulumu huyu. Hata hivyo amesikia tofauti, na tofauti ipo. Wajibu wetu ni kuieleza tofauti hiyo kwa istilahi zinazofaa, kisha ndipo tuulize kama ni hasara au ni faida. Tukiupuuza uchungu wake tunaupuuza pia ushahidi wake.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mapokezi ya mwimbaji mpya hutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida husikika kama kitu kimoja. Jina hurithiwa, hugombewa na hata hutungwa upya na hadhira. Maneno huweza kuhamishwa kutoka kinywa hadi kinywa. Sauti hairithiwi, mrithi hupewa nafasi tu ya kuanza nyimbo nyingine.

Kwa idara zetu jambo hili lina maana ya vitendo. Wanafunzi wengi bado wanaletewa wimbo wa dansi ukiwa karatasi yenye beti, na wanaulizwa dhamira, ujumbe na tamathali za usemi. Tunapendekeza kwamba wasomewe maneno, kisha wasikilizishwe wimbo mmoja ulioimbwa na waimbaji wawili wa nyakati mbili, na swali la kwanza liwe: ni nini kilichobadilika, na umekitambua wapi? Kaseti za zamani zinaharibika, na wale wanaokumbuka nani aliimba ubeti gani wanazeeka. Kinasa sauti na orodha sahihi ya waimbaji wa kila wimbo ni vifaa vya uhakiki kama ilivyo kamusi. Bila hivyo tutaendelea kuhifadhi maneno ya nyimbo zetu kwa uangalifu mkubwa, na kuwaachia mashabiki peke yao kazi ya kukumbuka kwamba ziliimbwa.